Gari Tulilolivua Nguo Nyololo

Siku ile pale Nyololo tulikuwepo watu watano. Alikuwepo Bwana Kanji, mwenye gari na mwenye karakana, amekaa kiti cha nyuma ndani ya koti zito la sufi. Alikuwepo Mzee Kihwelo, dereva, Mhehe wa Kalenga, mtu wa maneno machache. Alikuwepo Fundi Yohana, mzee wa kanisa, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Mgaya, nyapara wa barabara, na sepetu yake begani. Vibarua wake walikuwa wamekimbilia kibandani kukwepa manyunyu, kwa hiyo hao siwahesabu. Wa tano ni mimi, Ambakisye, niliyekuwa na dhamana ya rangi ya gari. Hao wanne wameshafariki. Nawataja kwanza kwa sababu vijana wa karakana wanasema hadithi hii nimeitunga, na mimi sina shahidi mwingine wa kumwita.

Nimestaafu sasa, na vijana hao hao wameniomba niandike kazi ilivyokuwa. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilikuwa midogo, habari imekwisha. Nitaandika juu ya rangi.

Shule niliiacha darasa la nne. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Nyuma yangu walikuwepo Tusekile, Gwamaka na Atupele, ambaye alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Baada ya matanga baba zetu wadogo walikaa uani kwetu Iyunga wakaanza kuwagawa wadogo zangu, huyu kwako, yule kwangu, sisi wenyewe tumekaa pale pale tunasikiliza. Nikasimama nikasema hawagawanyiki, nitawalisha mimi.

"Kwa mikono hiyo?" akauliza baba mdogo yule mkubwa.

"Kwa hii hii, baba."

"Haya. Walishe. Lakini siku ukikosa kazi nitakuja kuwachukua, tena sitapiga hodi."

Ndivyo nilivyofika karakana ya Bwana Kanji, Mbeya mjini. Siku ya kwanza Fundi Yohana alinipa ndoo na kitambaa, akanionyesha gari linalong'aa.

"Lioshe."

"Fundi, mbona hili ni safi?"

"Kwani nimekuuliza?"

Nikaliosha kwa nguvu zangu zote ili nionekane mchapakazi. Alipokuja alikichukua kitambaa changu, akakikunjua, akaniwekea punje ya mchanga kiganjani. "Hii punje umetembea nayo kutoka boneti mpaka mlango wa nyuma," akasema. "Umemwandikia mwenye gari barua. Na barua hiyo ataisoma kila asubuhi." Tangu siku hiyo nimeosha magari kwa maji mengi kwanza, bila kugusa, mpaka mchanga uondoke wenyewe. Kitambaa kinafuata baadaye sana. Ninyi mnaoanza na kitambaa, mimi nawaona, hata kama sisemi.

Magari mapya siku zile yalishushwa na treni Dodoma, yakaendeshwa hadi Iringa, na Iringa ndiko tulikoyapokea ili kuyaleta Mbeya. Barabara yote ilikuwa ya changarawe. Gari lilitoka Iringa bibi arusi likafika Mbeya mtu aliyeugua ndui. Lori moja likikupita, mawe yake yanachimba rangi hadi kwenye bati, na wakati wa masika kutu inaanza kabla mwenye gari hajamaliza kuwaonyesha majirani. Kwa hiyo tulikuwa na kazi tuliyoiita kuvika. Fundi Yohana aliianzisha mwenyewe, na mimi nikawa mkono wake.

Kuvika kulikwenda hivi. Kwanza gari linaoshwa na kukauka kabisa, maana unyevu ukifungiwa chini ya nguo unaacha mabaka meupe ambayo hayatoki. Kisha tunayeyusha nta ya nyuki, tunaichanganya na mafuta ya taa kidogo, tunaipaka nene, hasa puani mwa gari, kwenye madigadi, na sehemu ya chini ya milango. Juu ya nta tunalaza kitambaa laini cha marekani. Juu ya kitambaa, gunia. Mbele kabisa, panapopigwa zaidi, ngozi ya ng'ombe, manyoya yakitazama nje, na yote yanashonwa kwa uzi wa katani uliopitishwa kwenye nta. Taa zinapata wavu wa waya. Nyuma ya magurudumu tunaning'iniza vipande vya tairi kuukuu. Karakana nyingine ilituiga, ikavika gari lenye vumbi. Walipolivua, rangi ilikuwa imesuguliwa na vumbi lake lenyewe mpaka ikafanana na kisigino changu. Fundi Yohana aliombwa ushauri. Alisema wamlipe mwenye gari.

Mimi nilikuwa mshonaji. Mishono yangu ilikuwa midogo na ya karibu, na hadi mwaka ninaousimulia hakuna jiwe lililopita.

Mwaka huo, baada ya masika, magari yalianza kufika na alama. Ngozi ilikuwa nzima na gunia zima, na mishono ilikuwa kama nilivyoiacha. Ukivua, rangi imedonolewa, kidonda kidogo cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Na mara nyingi, katikati ya kitambaa na rangi, jiwe limelala. Wala si changarawe ya kupondwa, ile yenye makali. Yalikuwa mawe laini, ya mviringo, kama yaliyoshikwashikwa na mikono kwa muda mrefu, tena hayakufanana: jeupe, jekundu, jeusi jepesi lenye matundu kama yale ya kwetu upande wa Rungwe.

Fundi Yohana alikagua mishono yangu kwa kioo cha kukuzia. Hakuona kosa, na nadhani hilo lilimtisha kuliko kama angeliona.

Bwana Kanji aliniita. Alikuwa mzaliwa wa Iringa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na hakuwa mtu mbaya. "Ambakisye," akasema, "gari linalokuja ni langu mwenyewe. Mwanangu anaoa, bibi arusi atapanda hilo. Nitakuwa ndani tukilileta. Likifika na alama hata moja, kesho yake usije."

"Nimesikia, Bwana."

Nilifika nyumbani nikamkuta Tusekile jikoni. Hakunigeukia. "Kaka, baba mdogo alipita leo."

"Alitaka nini?"

"Hakusema. Alisimama akautazama mlango, akautikisa. Akasema bawaba zimelegea."

Usiku ule nilikaza bawaba.

Gari lilikuwa jeusi, na sijawahi tena kuona weusi wa namna ile. Ulikuwa kama maji ya kisima. Tulilivika Iringa kutwa nzima. Nta niliipaka mara mbili. Kabla hatujashona sehemu ya mbele, mke wa Bwana Kanji alikuja akatia alama nyekundu ya baraka kwenye boneti kwa kidole, akaweka ndimu chini ya magurudumu ili tuzikanyage tukiondoka.

"Hiyo nyekundu itanywea kwenye rangi," Fundi Yohana akanung'unika.

"Fundi, wewe ugali wako huuombei?" Bwana Kanji akamuuliza.

"Ugali haupigwi msasa, Bwana."

Mama Kanji akacheka, alama ikabaki, na mimi nikashona juu yake.

Tuliondoka asubuhi. Mzee Kihwelo aliendesha polepole, akakataa kulifuata lori lolote kwa karibu. Likitokea mbele, anasimama pembeni mpaka vumbi lilale. Tulipita Ifunda jua linawaka. Tulipoingia nchi ya Mufindi ukungu ukashuka, na mchana ukawa kama jioni. Wenyeji wa huko wameuzoea. Mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi, lakini siku ile haukuwa unasogea. Ulikuwa umekaa.

Tulikuwa tumepita Nyololo kidogo, pale barabara inapopinda kushukia bondeni. Hapakuwa na lori mbele, na nyuma yetu hapakuwa na kitu. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu na baiskeli. Tukasikia *tak*, kwenye mlango wa upande wangu. Kisha nyingine, juu ya madigadi.

"Punguza," akasema Fundi Yohana.

"Nipunguze nini tena?" Mzee Kihwelo akajibu, akasimamisha gari, akazima injini.

Magurudumu yametulia, hakuna kinachorusha kitu, na bado tukasikia, *tak*, nyuma kwenye buti. Ikapita muda. *Tak*, kwenye mlango wa Bwana Kanji, karibu kabisa na goti lake.

Bwana Kanji akateremsha kioo. "Nani anatupa mawe?"

Akatokea Mgaya kwenye ukungu, na sepetu yake. "Kamwene," akasalimia.

"Ni watu wako hao wanaotupa mawe?"

"Watu wangu wako kibandani wanaota moto, Bwana. Hakuna anayetupa mawe hapa." Akalitazama gari na ngozi zake. "Huyu ng'ombe mmemtoa wapi?"

Nilishuka nikapapasa mlango wa nyuma. Nilikiona kivimbe chini ya gunia, na mshono wangu uko pale pale, haujakatika. Nikalegeza nyuzi kidogo, nikaingiza vidole. Jiwe lilikuwa jeupe na laini. Lilikuwa na joto.

"Ni joto la injini," akasema Fundi Yohana.

"Fundi, lilikuwa kwenye mlango wa nyuma."

Akalichukua. Akalihamisha mkono huu na huu, akanirudishia, akajifuta kiganja kwenye suruali. Aliyewahi kupokea kitu kilichotoka tu kwenye kiganja cha mtu ataelewa joto lile.

Mzee Kihwelo alikuwa ameshuka upande wake na kuvua kofia. Hakuwa anatazama gari. Alikuwa anatazama ukingo wa barabara, mahali penye udongo mtupu.

"Mgaya. Lundo liko wapi?"

"Lundo gani, mzee?"

"Lilikuwa hapa. Refu kunizidi mimi."

"Ahaa, yale mawe." Mgaya akaeleza vizuri tu, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. Masika yalikuwa yamekata barabara hapo kwenye kona. Lori la changarawe halikuja. Yeye ni Mbena wa mbali, amehamishiwa hapo karibuni, na wakubwa wake walitaka shimo lizibwe. "Nikakuta mawe mazuri, mzee, yamekaa bure, hayana mwenyewe. Tukayatandaza. Shimo likaisha."

"Yamekaa bure," akasema Mzee Kihwelo.

Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Watu waliokwenda kutafuta dhahabu Chunya kwa miguu walikuwa wakipita hapo. Mmoja alilala pale kwenye kona na hakuamka. Wenzake hawakumjua jina wala kwao. Wakamzika, wakamfunika kwa mawe, na waliofuata nyuma wakaongeza. Ikawa desturi: unatoka na jiwe lako nyumbani, unalibeba mkononi njia nzima, ukifika pale unaliweka na kutaja kwenu, kwa kuwa yule hakupata kutaja kwao. Ndipo unapita.

"Mimi nimeweka la Kalenga," akasema. "Nilikuwa kijana. Sasa liko humu barabarani, watu wanalikanyaga kwa magurudumu."

Mgaya aliweka sepetu chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Sasa tufanye nini?" akauliza Bwana Kanji kutoka dirishani.

"Kwanza livueni hilo gari. Tunapita msibani kwa watu tumejifunika uso. Nani anapita hivyo, kama si mwizi?"

"Mzee, hizo ngozi ndizo zinazolinda rangi."

"Zimelinda?"

*Tak*, ikalia puani mwa gari, tukiwa tumesimama wote tunatazama, na hatukuona kitu kikija. Tuliona tu manyoya ya ngozi yametikisika.

Nilimtazama Fundi Yohana. "Kazi ni yako," akasema. "Mimi nilikufundisha kuvika. Kuvua njiani sikukufundisha."

"Ukivua," Bwana Kanji akasema, "kila alama itakayoonekana ni yako. Sitasikiliza habari za makaburi mbele ya wakwe."

Kutoka pale hadi Mbeya ilikuwa zaidi ya nusu ya safari, yote changarawe. Niliufikiria mlango wetu wa Iyunga. Niliwafikiria wadogo zangu wakitolewa mmoja mmoja, Atupele akiwa wa mwisho kwa sababu ndiye angeng'ang'ania. Nilijua kuvika, na nilikuwa na uhakika na mishono yangu, na mishono yangu ilikuwa haizuii kitu. Nikatoa kisu nikakata uzi.

Ngozi zilianguka, kisha gunia, kisha kitambaa. Alama zilikuwepo, nyingi, lakini zote ziliishia kwenye nta. Niliifuta nta kwa kitambaa safi, na rangi ilikuwa nzima. Gari likabaki uchi, jeusi, linametameta katikati ya ukungu. Nilijiona kwenye mlango. Nilimwona Fundi Yohana kando yangu. Nyuma yetu, kwenye weusi ule, kulikuwa na mstari wa watu wamesimama upande wa pili wa barabara, mrefu, wengine na mizigo kichwani, wamenyamaza kama watu wanaosubiri zamu.

"Usigeuke, bwana mdogo," akasema Mzee Kihwelo kwa sauti ya chini. Kwa hiyo na yeye aliona. "Fanya kazi."

Sikugeuka. Nilivua viatu, nikapiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, nikaanza kung'oa mawe laini kwenye njia ya tairi, moja moja kwa vidole, nikiyapeleka pale kwenye udongo mtupu. Changarawe niliiacha. Sikuhitaji kutazama ili kuyatenganisha, yale laini yalikuwa na joto. Mgaya alikuja upande wa gurudumu la kulia bila kuambiwa. Baadaye Fundi Yohana, na suruali yake ya kanisani, akapiga magoti pia. "Naokota mawe tu," akatuambia, ingawa hatukuwa tumemuuliza. Mzee Kihwelo alisogeza gari nyuma yetu, kidogo kidogo, kadiri tulivyosafisha.

Mwishoni Bwana Kanji naye akashuka, akasimama na jiwe moja mkononi hajui la kufanya nalo.

"Niseme wapi?"

"Kwenu," akajibu Mzee Kihwelo.

Akafikiri sana. "Iringa," akasema, akaliweka.

Mimi nikasema Iyunga. Na kwa kuwa nilikuwa na hofu, na kwa kuwa kona ilikuwa bado haijaisha na barabara nzima chini yetu imejaa yale mawe, nikaongeza neno ambalo hakuna aliyenidai. Nilisema kwa sauti: "Mkituacha tupite, nitayarudisha yote."

Mzee Kihwelo akanigeukia. "Umesema yote?"

"Yote."

"Haya. Wamesikia."

Tulipanda. Gari likatembea juu ya barabara ile, uchi, na hadi tunauacha ukungu nyuma sikusikia hata punje ikigonga. Kutoka hapo hadi Mbeya ndiyo safari nyepesi kuliko zote nilizosafiri. Malori mawili yalitupita kwa kasi, na mawe yao yaliangukia majanini. Kesho yake asubuhi Bwana Kanji alilizunguka gari muda mrefu, akainama, akapitisha mkono chini ya milango. Kisha akaniambia, "Mbona umesimama? Kuna gari la kuosha." Arusi ilifanyika. Fundi Yohana hakulizungumza jambo lile tena isipokuwa mara moja, aliponiambia kwamba nta mara mbili ni bora kuliko mara moja, na kwamba tuseme hiyo ndiyo sababu.

Wadogo zangu walikulia mlango ule ule. Kwa hilo nashukuru.

Kila safari ya Iringa tangu siku ile nilishuka pale kwenye kona. Mgaya na vibarua wake walinisaidia mpaka alipohamishwa. Lundo lilianza kuonekana. Kisha ikaja greda, ikasambaza kila kitu pande zote hadi kwenye mitaro. Kisha, miaka mingi baada ya Uhuru, ikaja lami, na ninyi mnaofanya kazi leo mnaijua barabara hiyo hivyo tu, nyororo. Mawe mengi yako chini yake. Magari hayadonolewi tena pale, na kazi ya kuvika hakuna anayeikumbuka. Mzee Kihwelo, nilipomtembelea akiwa mgonjwa, aliniuliza neno moja tu kuhusu kazi.

"Yamebaki mengi?"

"Mengi, mzee. Yako chini ya lami."

"Mimi sikuwaahidi yote, uliahidi wewe," akaniambia, akageukia ukutani.

Sasa nina muda. Wakati wa kiangazi napanda basi hadi Nyololo, natembea na gunia kwenye ukingo wa barabara, natafuta mitaroni. Wasafiri hudhani naokota chupa. Pale lami ilipopasuka naingiza vidole. Mengine yanatoka, na hata asubuhi za baridi za kule yana joto lile lile. Naweka, nasema Iyunga, naendelea. Lundo limefika magotini pangu. Lile la zamani lilimzidi Mzee Kihwelo, naye alikuwa mtu mrefu sana.